Miche imelala, watoto wamenuna: kutafuta ugonjwa kwenye bustani ya shule

Bustani ya mboga ya shule huugua magonjwa ya aina mbili, na moja linaweza kuwapo bila la pili. Niliwahi kufundisha shule moja huku Njombe yenye matuta ya sukuma wiki yaliyonyooka kama yamepigwa rula. Mgeni yeyote akija, picha hupigwa pale. Watoto wa darasa la awali walikatazwa kuyasogelea, wasije wakayakanyaga. Mboga zilikuwa na afya, somo lilishakufa zamani. Baadaye nikahamishiwa kwingine, na huko sota, viwavi wakata miche, wakanimalizia miche ya chainizi zaidi ya 40 kwa usiku mmoja. Wiki ile darasa la kwanza walihesabu, wakalinganisha, wakabishana na kuuliza maswali ambayo sikuwahi kuyasikia muhula mzima.

Kwa hiyo dalili za hapa chini nimezichanganya, za mimea na za watoto, kwa sababu ndivyo zinavyotujia. Nawaandikia walimu wa awali, la kwanza na la pili wa Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni msimu mmoja, Novemba hivi hadi Aprili au Mei, kisha Juni hadi Agosti ni baridi kavu. Mwenzangu wa Kyela, kule ziwani, habari za baridi ziruke tu.

Kanuni yangu ni moja. Dalili ikionekana asubuhi, hakuna kung'oa, kumwagia wala kurekebisha mpaka watoto wamepita, wameangalia, na kila anayetaka amesema anachodhani. Ukitibu kabla hawajaona, umeokoa mche na umepoteza kipindi.

"Mwalimu, mbegu zangu hazijatoka"

Hesabu siku kabla ya kulaumu mbegu. Maharage kwenye udongo wenye joto huchomoza ndani ya wiki moja. Yapande Julai kule Makete, yanaweza kukaa wiki mbili na zaidi bila kuonyesha kitu. Karoti huchukua wiki 2 hadi 3 hata zikiwa zinapata kila kinachotakiwa. Mchicha unapenda joto. Ukipandwa kwenye baridi hujikokota, na hata ukiota hudumaa, ndiyo maana mwalimu wa Tukuyu akimwiga mwenzake wa Kyela tarehe kwa tarehe ataishia kujilaumu bure. Kwa miezi ya baridi panda njegere. Hizo baridi ndiyo nyumbani kwao.

Mtoto wa miaka 6 hajui kungoja, na hilo si kosa lake. Mpe kitu cha kungojea nacho: kila asubuhi darasa linatia kijiwe kimoja kwenye kopo. Siku miche ikitokeza, tunamwaga vijiwe na kuhesabu.

Siku zikipita kweli, fukueni pamoja. Utakuta moja kati ya haya. Mbegu imeoza na inanuka: maji yalizidi. Mbegu ipo kavu kama ilivyotoka dukani: maji yaliishia juu, chini hayakufika. Mbegu imeota lakini imejikunja humohumo ardhini: ilifukiwa mno. Au mbegu haipo kabisa, na hapo washukiwa ni kuku, panya, na mtoto mwenyewe. Darasani kwangu mshukiwa wa tatu ndiye mwenye makosa mengi. Hufukua kila siku kuangalia kama imeota, kisha anairudisha kwa upendo, kichwa chini miguu juu.

Usimgombeze. Chukua chupa ya maji ya plastiki inayoonekana ndani, kata shingo, toboa matundu chini, jaza udongo na upenyeze maharage manne pembeni, kati ya udongo na ukuta wa chupa. Zungushia karatasi nyeusi. Anayetaka kuona anavua karatasi, anaona mzizi ukishuka, anairudisha. Ufukuaji kwenye matuta uliisha kwangu ndani ya siku mbili.

Kuhusu kina, sentimita hazina maana kwa mtoto wa awali. Maharage ni kidole mpaka pingili ya pili. Mchicha na karoti ni kunyunyizia udongo juu kama unavyotia chumvi. Mbegu ndogo kama za mchicha zichanganye kwanza na mchanga mkavu, la sivyo watazimwaga zote sehemu moja.

Na hili lisomwe mara mbili: mbegu za dukani zenye rangi ya waridi, kijani au bluu zimepakwa dawa. Usiwape watoto wadogo wazishike, wala usizitumie kuhesabia mezani, maana kidole cha mtoto husafiri kwenda mdomoni. Maharage na mahindi ya kutoka nyumbani yanatosha.

Miche imelala asubuhi

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu dalili ni moja na sababu ni mbili, na mtoto wa miaka 7 anaweza kuzitenganisha bila msaada wako.

Mwambie aangalie shina pale linapogusana na udongo. Kama limekatwa, kichwa kiko huku na kisiki kiko kule, hiyo ni kazi ya sota. Kama halijakatwa ila limenyauka, limekuwa jembamba kama uzi uliolowa na lina rangi ya kahawia, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa kitaluni.

Tuanze na sota. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo, hula usiku na mchana hujizika karibu na alipokula. Kwa hiyo mhalifu hajaenda mbali. Wape watoto vijiti, wachokoe udongo kuzunguka kisiki, sentimita 5 tu kwenda chini. Watamkuta amejikunja kama herufi C. Kelele za hapo huwezi kuzizuia, na usijaribu. Asubuhi ile ya miche 40 tulikamata 17. Tuliwapanga juu ya gunia kutoka mdogo hadi mkubwa, tukahesabu visiki, tukajiuliza kama kila sota alikata mche mmoja au zaidi. Hiyo ni hesabu ya kutoa na ya kugawanya, na hakuna aliyeniambia kwamba amechoka.

Jirani na shule kulikuwa na bibi aliyekuwa akipita akielekea kinyungu chake, bustani ya bondeni. "Kamwene, mwalimu," akasimama kwenye uzio. Nikamwitikia, nikamweleza msiba wangu. Akaangalia tuta, akaangalia majani yaliyolizunguka. "Mwanangu, hao walikuwa wamelala kwenye blanketi lako la magugu. Umewapandia chakula mlangoni." Alikuwa sahihi kabisa. Nondo wa sota hutaga kwenye magugu, na sota hukulia humo. Tuta lifyekwe na kulimwa wiki 2 au 3 kabla ya kuhamishia miche, kuku wapewe nafasi ya kuchakura, ndipo upande. Kwa kinga zaidi kata makopo ya karatasi au vipande vya ganda la mgomba, vizungushie kila mche kama kola, nusu ardhini nusu juu. Kazi ya kola ni ya watoto. Vidole vyao vidogo vinaifanya vizuri kuliko vyetu.

Kinyausi ni hadithi nyingine, na mara nyingi mkosaji ni sisi. Kinapenda miche iliyosongamana, kivuli, baridi na maji mengi. Sasa piga hesabu ya darasa. Tuta la mita 5 lenye upana wa sentimita 70 halihitaji zaidi ya lita 15 hadi 20 kwa siku ya jua, yaani dumu moja. Watoto 70, kila mmoja na kopo lake la nusu lita, ni lita 35, na hakuna anayekubali kurudi na kopo lake bila kulimwaga. Miche inakunywa mara mbili ya kiasi, tena jioni, kisha inalala na maji kwenye baridi. Mwagilia asubuhi, kundi moja la watoto 6 hadi 8 kwa siku, wengine siku yao ipo na jina lao liko ubaoni. Kitalu kipya kichome majani makavu juu yake kabla ya kusia mbegu (hiyo wafanye wakubwa, watoto wakiwa darasani), na mbegu zisisongamane. Mche ulioshikwa na kinyausi haufufuki. Ung'oe, upunguze maji, utawanye iliyobaki.

Jambo la maji linanikumbusha jingine: keni za kumwagilia zilizotengenezwa kwa madumu yaliyokuwa na dawa ya kuulia wadudu. Nimeyaona, yametobolewa vizuri, mtoto analibeba kifuani. Halioshwi likawa salama. Liharibu, na usiligawe kwa mtu mwingine.

Majani yametobolewa

Matundu yenye alama ya ute unaong'aa ni konokono, hasa wale wasio na nyumba, na hujificha chini ya ubao au jiwe. Weka ubao jioni, geuza asubuhi. Jani la kabichi au sukuma lililoliwa likabaki ngozi nyembamba kama kioo cha dirisha ni kiwavi mdogo wa kijani wa nondo mgongo wa almasi. Mguse: hujinyonganyonga, kisha hujidondosha na kuning'inia kwa uzi. Watoto wanaweza kurudia jaribio hilo hadi saa sita mchana. Jani lililojikunja, lina utelezi, limejaa vijidudu chini na sisimizi wanapanda na kushuka, ni wadudu mafuta. Na jani lisilokuwepo kabisa ni mbuzi, na dawa yake ni uzio. Huku kwetu mianzi haikosekani. Tatizo la kuchukua fito kwenye mianzi ya watu ni kwamba mwenye nayo anaihesabu kwa lita za ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, siyo kwa fito, kwa hiyo kamati ya shule izungumze naye kwanza.

Dawa za kupulizia sizitumii kwenye tuta la watoto wa awali. Hawa huokota, hulamba, hutafuna jani bila kuuliza, na siku za kusubiri baada ya kupulizia hawazijui. Kwa wadudu mafuta tunatumia maji ya sabuni ya mche na kitambaa, jani moja baada ya jingine. Kwa viwavi tunatumia macho na makopo. Tuta la darasa ni dogo, na mikono ni mingi. Ukimkuta yule mdudu mwekundu mwenye madoa mgongoni, mwache. Anakula wadudu mafuta.

Majani yameungua kama yamemwagiwa maji ya moto

Kama ni Juni au Julai, usiku ulikuwa na nyota tupu bila wingu, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, hiyo ni sakitu. Viazi, maharage, maboga na nyanya huwa nyeusi kabla ya mapumziko ya saa nne. Sukuma wiki na njegere huvumilia zaidi.

Swali la kuwauliza watoto: kwa nini tuta la bondeni limeungua na lile la karibu na darasa limepona? Hewa ya baridi ni nzito, usiku hutiririka kwenda chini kama maji na kutuama bondeni. Shule nyingi za Iringa na Njombe huweka bustani bondeni kwa sababu maji yapo, kama wazazi wanavyolima vinyungu, na kwa mtu mzima anayejua atapanda nini hilo ni sawa. Kwa bustani ya watoto wadogo mimi huchagua mahali palipoinuka, karibu na mlango wa darasa, hata kama maji yatabebwa. Kama umeshakwama bondeni, funika kwa nyasi kavu jioni na funua jua likitoka. Mmea ulioungua usiukate siku hiyo hiyo. Mara nyingine huchipua kutoka chini.

Majani ya njano, majani ya zambarau

Njano inayoanzia majani ya chini, katikati ya masika, ni njaa: mvua imeosha chakula cha udongo. Samadi iliyoiva au mboji, na haraka. Zambarau kwenye miche ya kabichi au mahindi wakati wa baridi ni mizizi kushindwa kunyonya fosforasi kwenye udongo baridi, na mara nyingi huondoka joto likirudi. Ikikaa, udongo wako huenda ni mchachu. Ule mwekundu wa Mufindi na Njombe ulionyeshewa miaka mingi mara nyingi ndivyo ulivyo, na majivu kidogo ya jikoni husaidia. Kidogo. Tuta lililo chini ya milingoti (mikaratusi) au misindano (misonobari) halina dawa, lihamishe.

Mbolea mbichi ya kuku huunguza. Mbolea mbichi ya aina yoyote inaweza kuleta minyoo. Iive kwa miezi, aipakie mtu mzima, na watoto wanawe kwa sabuni kila watokapo bustanini.

Tuta limekanyagwa

Usianze na watoto, anza na kipimo. Tuta lenye upana wa mita moja na zaidi ni la mtu mzima. Mkono wa mtoto wa awali haufiki katikati, lazima aingie. Lifanye sentimita 60 hadi 70, njia ya nusu mita, na njia uitandaze nyasi au mawe ili ijulikane kwa unyayo. Mimi nilibishana na watoto kwa mwaka mzima kabla ya kuchukua rula.

Tumerudi likizo, tumekuta kuni

Kalenda ya shule na kalenda ya mvua hazikushauriana. Likizo ya Juni inaangukia mwanzo wa baridi kavu, ya Desemba inaangukia mvua ikiwa imeanza na magugu yanakimbia. Hesabu kurudi nyuma. Chainizi iliyohamishwa huanza kuliwa baada ya wiki 4 hadi 6, kwa hiyo iliyohamishwa mwanzoni mwa Aprili inaliwa kabla ya kufunga. Kinachoingia likizo kiwe kinachojitegemea: vitunguu saumu, karoti, na kwa likizo ya Desemba tu, maboga yenye matandazo mazito. Kumwomba mlinzi amwagilie kwa hisani hudumu siku nne. Mwambie kwamba nusu ya mboga za wiki hizo ni zake, itadumu.

Watoto wanajificha saa ya bustani ikifika

Uliza adhabu ya mchelewaji ni nini shuleni kwako. Kama ni ndoo mbili za maji bustanini, umepata ugonjwa. Huwezi kumfundisha mtoto Jumatano kupenda mahali alipoadhibiwa Jumanne. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa liwe sehemu ya masomo, wanafunzi wakishiriki kuamua. Wengi wetu tuliosoma baadaye tunalikumbuka kama jembe la alfajiri na fimbo. Wazazi nao wanalikumbuka hivyo hivyo. Mama mmoja alinijia: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome. Kulima atalima nyumbani." Sikumjibu. Nilimwita kijana wake amwonyeshe tuta lake, naye akamwambia mama yake kwamba walipanda 30, zimetoka 22, na kwamba zile 8 wanazitafuta. Mama aliondoka bila kukubali wala kukataa, lakini lalamiko lile hakulirudia tena.

Kipindi cha bustani kwa wa awali kisizidi dakika 20 hadi 30. Hakuna jembe. Kijiti, kopo, na mikono. Kulima kwenyewe ni kwa la sita na la saba, au wazazi siku ya kazi za shule.

Wamefanya kazi, hawajajifunza kitu

Dalili: ukiwauliza kesho yake, wanasema "tulimwagilia". Sababu: hukuwapa swali kabla ya kutoka. Swali moja tu, la kutafutia jibu kule nje. Tuta lipi lina majani marefu? Pima kwa uzi, kata, bandika uzi ukutani wiki hadi wiki, na mwezi ukiisha watoto wanasoma mchoro bila kujua kwamba ni mchoro. Kila kikundi kiandike jina la mboga kwenye kibao. M ya mchicha hukaa kichwani kuliko M ya ubaoni.

Na waachie lugha. Wengi wanaingia awali na Kibena, Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa au Kikinga. Anayeshindwa kusema sentensi moja ya Kiswahili mezani utamkuta kwenye tuta la mnafu akitaja majina matatu ya magugu unayoyaita wewe "majani". Andika jina alilolitaja, kisha la Kiswahili kando.

Mboga zimeisha, watoto hawajazionja

Huu ndio ugonjwa unaoua bustani nyingi, na hauonekani kwenye jani. Mboga zinavunwa Ijumaa jioni zinakwenda nyumba za walimu. Watoto wanajua. Hawasemi, ila muhula unaofuata hutawapata. Mavuno ya kwanza ya kila tuta, hata yakiwa kidogo ya kuchekesha, yaliwe na waliolipanda: yaingie kwenye chakula cha mchana, au kila mtoto aondoke na majani matatu mkononi. Yaoshwe, yapikwe, mbichi hapana, isipokuwa karoti iliyosuguliwa kwa maji safi. Mtoto anayenuna akiona mboga nyumbani humaliza sahani ya tuta lake, na huo si uchawi, ni kwamba anaijua mboga ile kwa jina.

Miche miwili ya mchicha usiivune. Iache ikomae, kata mashuke, yapukuteni kwenye karatasi nyeupe ili mpate mbegu za msimu ujao. Shuke moja lina mbegu nyingi mno, kwa hiyo msijaribu kuzihesabu. Mimi nilijaribu na la pili. Tulifika 300 na kitu, mmoja akapiga chafya.